Maji Niliyoyangoja Mlangali

Kama una uvimbe shingoni na unauficha kwa skafu, ivue kwanza ndipo uendelee kusoma. Mimi niliuficha wangu miaka minne. Huku kwetu Makambako baridi husaidia uongo wa namna hiyo, kwa sababu mtu akifunga skafu kutwa nzima hakuna anayemuuliza sababu. Aliyejua ni mke wangu, Mama Upendo. Yeye ndiye aliyekuwa akiifua ile skafu, na ndiye aliyeona kwamba kila mwaka ncha zake zinazidi kuwa fupi nikishafunga fundo.

Mimi ni fundi seremala. Nina karakana Lyamkena, natengeneza milango na vitanda. Pia ni mzee wa kanisa, na kabla ya mambo haya nilikuwa na sauti. Nasema hivyo bila haya. Jumapili nilipokuwa nasoma matangazo, umeme ukikatika na kipaza sauti kikizima, waliokaa nyuma walikuwa hawajui. Kwenye misiba na harusi za ukoo wetu msemaji alikuwa mimi, na watu walinisifia, na mimi sifa zile nikazila zote bila kubakiza.

Sitakuambia uvimbe huu, rovu, unatokana na nini. Hayo kamuulize daktari, atakueleza vizuri kuliko mimi. Nataka kukuambia jinsi nilivyokaribia kufa nikimngoja Mungu mahali ambapo hakuwa amenituma kungoja, na wakati wote huo nikijiona mcha Mungu kweli kweli.

Kaka yangu Ezekia alifariki mwaka mmoja kabla ugonjwa haujanizidi. Siku zake za mwisho aliniita, akanishika mkono, akasema, "Faraja ataoa siku moja. Ukamsemee wewe. Usimwachie mtu mwingine." Faraja ni mwanawe wa pekee. Nilimwahidi. Nimepewa kazi nyingi maishani, za kanisa na za ukoo, lakini hakuna niliyoiona nzito kama ile.

Na kwetu si kazi ndogo. Posa ni maneno kwanza, mengine yote yanafuata. Msemaji huenda mara mbili. Mara ya kwanza anafungua maneno: anaeleza tumetoka wapi na tumeona nini katika nyumba ile. Wenye binti wanasikiliza, wanaomba muda. Mara ya pili anakwenda kupokea jibu na kuyafunga maneno, na anayeyafunga lazima awe yule yule aliyeyafungua. Ukibadilisha msemaji katikati, wenye binti wana haki ya kusema mmejitoa. Nimewahi kuona uchumba ukivunjika hivyo, msemaji alikuwa ameugua tumbo tu, wakamtuma mdogo wake.

Mwezi wa kumi na moja Faraja alikuja karakana akiwa amevaa shati jipya, akakaa juu ya ubao niliokuwa nataka kuukata. Nikajua. Binti anaitwa Ester, wa kule Mlangali, walijuana Njombe binti alipokuwa anajifunza ushonaji. Nikamwambia nitakwenda Januari. Nilipomaliza kusema nilikuwa nahema, na yeye akaniangalia shingoni.

Wiki ile ile Mama Upendo alinipeleka hospitali Njombe. Nasema alinipeleka, maana mimi nilikuwa nimebaki nyuma nikijifanya natafuta funguo. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Ukungu ulikuwa umeziba madirisha, watu wamejikunyata ndani ya makoti, na kila muuguzi alipotoka na mafaili sote tulinyanyua vichwa kwa pamoja. Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyetoka Iwawa. Rovu lake lilikuwa kubwa kuliko langu na alikuwa ameliacha wazi, shanga zimekaa juu yake. Alifungua kitambaa, akanipa kiazi cha kuchemsha kikiwa bado na joto, akaniuliza, "Sasa baba, skafu ya nini? Humu wote tumefuata hiyo hiyo." Mama Upendo akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilikula kiazi, na skafu sikuivua.

Desemba nilichomwa sindano ya shingo ili wachukue maji ya kupima. Sindano yenyewe haikuwa kitu. Kazi ilikuwa kungoja majibu, wiki tatu ambazo kila mlango nilioutengeneza ulitoka umepinda. Majibu yakasema si saratani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Daktari alikuwa ameongeza kwamba lazima nirudi kupiga picha kubwa ya kuonyesha uvimbe umefika wapi. Hilo nililisikia kwa masikio ya kuazima.

Januari ikafika. Asubuhi ya safari ya Mlangali niliingia karakana peke yangu, nikapiga magoti kwenye maranda ya mbao. Nilikuwa nimefundisha mara nyingi habari ya yule mtumishi wa katika Biblia aliyetumwa kumtafutia kijana wa bwana wake mke, akasimama kisimani akaomba ishara ya maji. Nikaona inanifaa. Nikaomba: Bwana, kama kazi hii unaisimamia wewe, binti huyu mwenyewe anipe maji kwa mkono wake kabla sijaomba. Niliinuka nimefurahi, nikajipangusa magoti.

Nilikwenda na Zakaria, mzee mwenzangu wa kanisa, awe shahidi wa maneno. Mvua ilitunyeshea njia nzima. Baba Ester alitupokea mlangoni, mtu mrefu, mpole, anayesikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Kulikuwa na dada yake mkubwa, ambaye ni shangazi wa binti, na wazee wawili. Ester alikuja kutusalimu, akapiga goti, "Kamwene, baba," kisha akarudi jikoni. Nikaanza kusema. Nakuambia kweli, siku ile nilisema. Nilimtaja kaka yangu mpaka Zakaria akavuta kamasi. Pumzi ilinibana mara mbili, nikaifunika kwa kunyamaza kidogo, na wao wakadhani ni ufasaha.

Nilipomaliza, maji yakaja. Yaliletwa na shangazi.

Nilikipokea kile kikombe huku macho yangu yakiwa kwenye mlango wa jikoni. Nikanywa bila kuwaza na maji yakakataa kushuka. Yakaingia njia nyingine. Nilikohoa mpaka nikaona giza, skafu ikalowa, Zakaria ananipiga mgongoni, Baba Ester amesimama. Pumzi iliporudi ilitoa mluzi ambao nyumba nzima waliusikia.

"Pole sana, mzee mwenzangu," Baba Ester akasema. "Unaumwa?"

"Mafua," nikajibu.

Walituambia, "Tumewasikia. Njooni tukishavuna maharage." Hilo ni neno zuri, maana wangekataa wangesema watatuita. Zakaria alifurahi njia nzima. Mimi nilitazama nje ya dirisha la basi nikiwaza shangazi na kikombe chake. Je, Mungu amekataa? Lakini Ester hakuwepo sebuleni, nikajitetea, kwa hiyo ishara haijakataliwa, imeahirishwa. Kabla hatujafika Njombe nilikuwa nimeshaongeza la pili: kwamba shingo yangu haitaguswa na kisu mpaka nimerudi Mlangali na binti yule amenipa maji mwenyewe. Niliyafunga mambo mawili kwa kamba moja na kumkabidhi Mungu ncha yake. Sikumwambia mtu.

Machi, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, watu wa mtaani wakiwa wachangamfu kuanzia mchana, nilipigwa picha. Daktari aliiweka kwenye mwanga akanionyesha kwa kalamu. Uvimbe ulikuwa umeshuka mpaka nyuma ya mfupa wa kifua. Njia ya hewa ilikuwa imesukumwa upande na kubanwa, pale katikati imebaki nyembamba kuliko penseli yangu ya kuchorea mbao.

"Mzee, huu unatolewa," akasema. "Nakupa tarehe, baada tu ya Pasaka."

"Na sauti?"

Hakunidanganya, na namheshimu kwa hilo. Alisema mishipa ya sauti inapita nyuma ya uvimbe, kwamba wataitunza kadiri watakavyoweza, lakini sauti yaweza kurudi ilivyo, yaweza kubadilika, na mara chache hupotea. Akaandika tarehe kwenye kadi. Nikasema nitafikiri. "Usifikiri sana," akaniambia, "hewa haingoji."

Nilipofika nyumbani Mama Upendo alikuwa anachambua mboga. "Wamekupa tarehe?"

"Wamesema tungoje kwanza," nikasema. Kadi nikaichomeka ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Tulikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa, na sikuwahi kumdanganya kwa jambo kubwa kama lile. Uongo ule ulitoka laini sana mdomoni, nikajishangaa.

Pasaka ikapita. Siku ya tarehe yangu nilishinda karakana nikipiga randa mlango wa mteja huku nikihesabu pumzi. Aprili tukala mahindi mabichi, mimi nikiyatafuna mpaka yawe uji ndipo yashuke. Nilianza kulala nimekaa. Mama Upendo alishona mto mrefu wa makapi ya mahindi, akauegemeza ukutani, na nilipouegemea nilipata usingizi kidogo. Hakuniuliza tena habari ya tarehe. Aliushona tu, akauweka, akaenda zake.

Mei ilipofika, Mlangali wakatuma neno: kuna msiba, wameahirisha mpaka mwishoni mwa Juni. Nikaona ni Mungu ananipima. Faraja yeye aliona jambo jingine. Aliona baba yake mdogo hashtuki safari inapoahirishwa, hamtaji Ester, anakaa kimya kila uchumba unapozungumzwa. Kimya changu kilikuwa cha kukosa pumzi, yeye angejuaje? Alikuja siku moja kurudisha msumeno. Akaniambia bila kukaa, "Baba mdogo, kama humtaki yule binti, sema. Nitakwenda kujisemea mwenyewe." Nikatikisa kichwa. Nilitaka kumweleza mengi, lakini koo lilitoa mluzi tu, naye alikuwa ameshageuka. Tangu siku hiyo akawa ananiamkia kwa mbali, akiwa juu ya pikipiki.

Jumapili ya pili ya Juni jalidi, ule umande ulioganda, ilikuwa imeunguza majani ya viazi shambani. Nilipanda mbele kusoma matangazo. Nilikuwa nimesoma ratiba ya ibada za mitaa, nikaanza tangazo la ndoa. Nilisema jina la bwana harusi. Nikavuta hewa ili niseme la bibi harusi, na hewa haikuja.

Sijui kama nitaweza kukueleza. Kifua kinapanda, mdomo uko wazi, mabega yanafanya kazi, na hakuna kinachoingia. Niliona nyuso za watu wote niliowafahamu, na katika kanisa zima kilichosikika ni ule mluzi wangu. Nilishika meza, ikateleza. Mtu wa kwanza kunifikia ni Mama Upendo. Wengine walikuwa wanasema nilazwe chini, yeye akawakatalia, akanikalisha nikiwa nimeinama mbele, na pale pale, mbele ya usharika wote, akaifungua skafu yangu. Nilisikia watu wakiguna. Hewa ikaanza kupita, kidogo, kama kwenye tundu la ufunguo.

Kitabu changu cha nyimbo kilikuwa kimeanguka. Aliinama kukiokota na kadi ikatoka. Aliisoma akiwa amepiga goti pembeni yangu, akaisoma tena, kisha akaiweka kwenye mkoba wake na kunifuta jasho. Tukaenda nyumbani.

Jikoni alichochea moto, akanikalisha karibu nao, akaweka kadi mapajani mwangu. Faraja alikuwa amekuja mbio kutoka stendi, amesimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi.

"Miezi miwili," Mama Upendo akasema. "Miezi miwili nalala nasikiliza kama unapumua, na kumbe tarehe ulikuwa nayo. Niambie ni nini. Unaogopa kisu, sema. Sitakucheka."

Nikawaambia. Vipande vipande, nikipumzika kila baada ya maneno matatu. Ahadi yangu kwa Ezekia. Msemaji asiyebadilishwa. Sauti inayoweza kupotea. Kisha, kwa aibu, ishara ya maji. Faraja alikaa chini kizingitini, akashika kichwa.

"Baba mdogo," akasema, "mimi nilidhani humtaki."

Mama Upendo hakulia. Ningependa angelia. Alinikazia macho akasema, "Yule mtumishi alikuwa na ngamia kumi, Baba Upendo. Wewe una rovu. Na yeye aliomba akiwa ameshafika kisimani, miguu ina vumbi. Wewe umekaa karakana unampangia Mungu nani abebe kikombe!" Kisha akachukua simu yangu mezani. "Baba yake Ester umemwandika nani humu?"

Nilielewa anachotaka kufanya na damu ikanipanda. Mke wa msemaji kuwapigia wakwe katikati ya posa ni jambo ambalo kwetu halifanyiki. Wangesema nini? Kwamba nyumba yetu inasemewa na jikoni? Niliinuka nimzuie. Hatua ya pili pumzi ikaniishia, nikashika ukuta, na Faraja akanirudisha kwenye kiti kwa upole kama vile mimi ndiye mtoto. Simu ilikuwa inaita.

Aliweka sauti ya nje. Aliamkia vizuri, akaomba radhi kwa kuvuka mipaka, akaeleza yote bila kupunguza. Aliacha ishara tu, hiyo aliniachia mwenyewe. Alipofika kwenye sauti inayoweza kupotea akaishia hapo. Upande wa pili tulisikia ng'ombe na mtu anafunga mlango. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye ile simu. Wakati huo niliona ahadi yangu kwa kaka yangu inavunjika, tena mbele ya mwanawe.

"Kwani nani amemwambia afe kwanza?" Baba Ester akasema.

Mama Upendo akasema, "Tuliogopa mtahesabu tumejitoa."

"Mama, ningehesabu hivyo kama mngemtuma mtu mwingine. Hajatumwa mtu mwingine. Ni mgonjwa, akatibiwe. Tutamngoja yeye."

"Na sauti isiporudi?"

"Atasema kwa itakayobaki. Masikio tunayo."

Nilimuuliza Mungu miezi sita jambo ambalo Baba Ester alilijibu simu ikiwa haijaisha salio. Sikufurahi mara moja, nisikudanganye. Nilikasirika. Nilikuwa nimejinyima hewa kwa ajili ya sheria ambayo mwenye sheria hakuwa ameniwekea, na kumbe sababu ya kutomuuliza ilikuwa moja: sikutaka wajue kwamba ile sauti waliyoisikia Januari ilikuwa inakufa. Kwa jina la Mungu nilikuwa nimeifunika fahari yangu, kama nilivyofunika shingo.

Daktari hakunigombeza. Alinipa kitanda siku hiyo hiyo. Baada ya wiki tatu za kuandaliwa nilipasuliwa Julai, wiki ya baridi kali. Asubuhi ile Mama Upendo alinivulia skafu na kuikunja. Mchungaji alikuja, akaniuliza tuombe nini, na nilitaka kusema sauti, kisha nikaona nimeshapanga mengi. Nikamwambia amwambie Mungu tu kwamba niko hapa. Wakanisukuma. Dari ya ukumbi ule ina taa saba, ya tano haiwaki. Nilikuwa naogopa mpaka meno yanagongana.

Nilizinduka na mpira mwembamba unatoka shingoni, na hewa. Hewa nyingi, baridi, bila mluzi. Nilivuta tena na tena kama mlafi. Mama Upendo aliinama akaniuliza, "Unanisikia?" Nikajibu ndiyo na hakuna kilichotoka. Nilijibu tena kwa nguvu zaidi. Upepo mtupu. Tuliangaliana, akanishika mkono, na hakuna aliyejifanya haelewi.

Daktari alisema mshipa mmoja umelala, huenda ukaamka kidogo kidogo, huenda usiamke wote. Kwa kuwa koo lilikuwa halijifungi vizuri, muuguzi mmoja kijana alinifundisha kunywa maji upya: shika maji mdomoni, inamisha kidevu mpaka kifuani, ndipo umeze. Nina miaka hamsini na nane, najifunza kunywa maji. Nilihangaika na kikombe kimoja nusu saa.

Siku hizo andaa moyo, nakuambia wewe unayekwenda kupasuliwa. Kidonda kinapona haraka. Kinachokawia ni hasira. Nyumbani Faraja alinipa kipande cha bati nikigonge nikihitaji kitu, na siku ya tatu Mama Upendo akakificha, akasema nimekigonga mara kumi na nne kabla ya chai. Jumapili ya kwanza kurudi kanisani Zakaria alisoma matangazo, akikosea majina, na mimi nikalia mpaka kola ikalowa. Lakini ndugu, nililala chali! Agosti nililala chali usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, na ule mto wa makapi Mama Upendo akawapa kuku watagie.

Septemba ilitoka sauti. Nyembamba, yenye mikwaruzo, sauti ya mlango ambao ningemwambia mteja aurudishe. Ilikuwa inatosha maneno manne au matano kisha inakatika. Nikasema basi, ndiyo hiyo.

Oktoba tulikwenda Mlangali, mimi na Zakaria, na safari hii Mama Upendo na Faraja walitusindikiza mpaka stendi. Kwenye basi nilijaribu kupanga hotuba nikaona haitanifikisha popote. Skafu sikuvaa. Kovu lilikuwa bado jekundu.

Baba Ester alipoona nafungua mdomo alizima redio. Akamtuma mtoto afukuze kuku waliokuwa dirishani. Kisha akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, na wazee wengine nao wakavuta vyao, na shangazi akaweka kiganja nyuma ya sikio. Sijawahi kusikilizwa hivyo katika siku zangu zote za sauti kubwa.

Yale mapambo ya Januari sikuwa na pumzi nayo. Nilisema, "Kaka yangu alinituma." Nikapumzika. "Kijana wake anampenda binti yenu." Nikapumzika. "Tutamtunza. Tumekuja kupokea jibu." Ilikuwa imeisha. Koo lilinikauka, nikaanza kukohoa, na nikamuona Zakaria anainuka kwa hofu.

"Jibu analo mwenyewe," Baba Ester akasema, akaita jikoni, "Ester! Njoo uwajibu wageni."

Alikuja ameshika kikombe kwa mikono miwili, maji nusu tu. Hakuna aliyekuwa ameomba. Alipiga goti mbele yangu, akanipa, na nilipokipeleka mdomoni haraka, kwa ile kiu, akagusa ukingo wa kikombe kwa kidole.

"Pole pole, baba. Kidevu kwanza," akasema.

Nilimtazama. Baadaye nilikuja kujua kwamba tangu Julai alikuwa akimpigia Mama Upendo kila wiki kuuliza nameza vipi. Wakati ule sikujua. Niliinamisha kidevu mpaka kifuani, nikameza, na maji yakashuka yote bila hata tone kupotea njia. Akangoja mpaka nimemaliza. Kisha akapokea kikombe, akamgeukia baba yake, akasema, "Nimekubali."

Shangazi akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa bado nimeinamisha kidevu, sikuweza kukiinua.

Kwenye basi tukirudi Zakaria alisubiri mpaka tulipopita msitu wa misonobari ndipo akaniuliza, "Mzee, pale ulipokunywa maji, ulikuwa unalia nini?"

"Mafua," nikamwambia.